Kwa nini boriti ya kwenye kompyuta inakataa kunepa kama ile ya maabara?

#1 bimu_254
Wadau, mambo. Niko mwaka wa mwisho uhandisi wa ujenzi hapa Nairobi na projekti yangu ni kulinganisha boriti za konkriti tulizovunja maabara na modeli za Abaqus (programu ya kompyuta ya kukadiria kitu kinavyobeba mzigo). Boriti si kubwa: upana 150 mm, kina 250 mm, spani (sapoti hadi sapoti) 2.4 m, chini kuna Y12 mbili (vyuma vya ribu vya 12 mm), juu R8 mbili (vyuma laini vya 8 mm) za kushikilia ringi, vyuma vya chini kwa mchoro viko 215 mm kutoka juu. Kyubu (vipande vya kupimia nguvu ya konkriti) za siku 28 zilikuja kama 25 MPa. Lodi inashuka sehemu mbili, kwenye theluthi za spani. Sasa jumla ya lodi ikifika 40 kN geji ya katikati ilisoma 7.2 mm, na kompyuta inaniambia 1.7 mm. Hiyo si tofauti ya desimali, ni mara nne na kitu! Yuniti nimezikagua mpaka macho yakauma. Msimamizi anasema maabara ndiyo imekosea, fundi wa maabara anasema ni kompyuta, na mimi kwa maoni yangu hizi programu ni za kutoa picha za rangi za kupamba ripoti, boriti halisi haziijui. Anayebisha aje.

#2 KaraiNaSpedi
Picha za rangi 😂😂 nimekaa hapa mbele na njugu zangu

#3 Shiru_Mhandisi
Nakuja kubisha. Hiyo 1.7 haijakosea, imejibu swali uliloliuliza. Uliuliza boriti ambayo haijapasuka itanepa kiasi gani. Toa karatasi: kwa lodi mbili za theluthi, katikati inanepa 23PL³ gawanya kwa 1296EI, P ni jumla ya lodi na L ni spani. Weka E (ugumu wa konkriti yenyewe) ya 30 GPa na I (ukakamavu wa umbo) ya mstatili mzima, kama milioni 195 mm⁴, unapata 1.7 bila hata kuwasha laptopu. Lakini konkriti ya aina hiyo kwa mvuto inabeba kama 2.2 MPa tu, kwa hivyo boriti yako ilianza kupasuka ikiwa na 7 mpaka 9 kN, na wewe unatuuliza mambo ya 40. Ikishapasuka, kinachobaki kufanya kazi ni konkriti ya juu inayogandamizwa na vile vyuma viwili. I ya hivyo nimeipiga sasa hivi nimepata milioni 47. Gawanya 195 kwa 47 uone hiyo mara nne yako imetoka wapi.

#4 Mzee wa Kikokotoo
Shiru ameniokolea wino. Vijana mnafungua programu kabla ya kufungua daftari. Hata Ngo na Scordelis mwaka 1967, wale walioleta modeli ya kwanza ya elementi finiti (kukata kitu vipande vidogo na kuvihesabu) ya boriti yenye vyuma, nyufa waliziweka wenyewe ndani ya meshi (wavu wa vipande hivyo) kabla ya kuanza hesabu, maana walijua bila ufa hakuna boriti ya konkriti, kuna jiwe tu lililopakwa rangi. Bimu, ufa wa kwanza uliuona kwa lodi gani?

#5 bimu_254
Shiru heshima, Mzee shikamoo. Ufa wa kwanza kwa macho niliuona kwa 12 kN, tulikuwa tumepaka boriti chokaa na kila ufa ukitokea tunauchora na penseli na kuandika lodi pembeni yake. Lakini pole sikuwa nimemaliza maelezo. Hiyo 1.7 ni ya modeli ya elastiki, nilifanya nyingine ya CDP yenye konkriti kupasuka na kuharibika, dilesheni (pembe ya konkriti kuvimba ikiharibika) 36, zile namba zingine nimeacha za kawaida 0.1 na 1.16 na 0.667. Hiyo inatoa 3.1 mm. Ndiyo nasema bado, nyufa ziko na bado haifiki nusu ya 7.2. Sasa hapo Shiru unasemaje

#6 KaraiNaSpedi
Shiru umerushiwa mpira

#7 Nodi_Elfu
Kabla Shiru hajajibu. Sapoti zako kwa modeli umeziwekaje?

#8 bimu_254
Nodi (pointi elementi zinapokutana) za chini pale kwa bamba la sapoti nimezifunga, upande wa kushoto na wa kulia, zisiende juu chini wala mbele nyuma. Ilikuwa inateleza nikaifunga yote ikatulia

#9 Nodi_Elfu
Imetulia kweli, umeitia pingu. Boriti ikipasuka upande wa chini unarefuka, kila ufa ukifunguka kidogo zile ncha za chini zinataka kusogea nje. Maabara ziko juu ya rola zinasogea bila shida. Kwako zimefungwa, kwa hivyo sapoti zinaisukuma boriti kwa ndani, inapata mgandamizo wa bure na inafanya kazi kama tao. Weka pini (inazunguka ila haisogei) upande mmoja na rola ule mwingine halafu utuletee namba. Hili kosa ukiangalia tasnifu za watu utalipata kila kona na hakuna mtu analiuliza kwa sababu matokeo yanakuja laini na mazuri.

#10 Mpita_Njia
Mimi nawaacha na sapoti zenu. Shida ni E. Mnaweka 30 GPa ya Eurocode (kanuni za ujenzi za Ulaya), nani amepima E ya kokoto zetu za Mlolongo? Hizo namba ni za kokoto za Ulaya. Punguza E na kila kitu kitakaa sawa, mimi hufanya hivyo.

#11 Shiru_Mhandisi
@Mpita_Njia swali lako ni zuri ila dawa yako hapana. Kwa konkriti hiyohiyo ya kyubu 25, Eurocode 2 inakupa 30, BS 8110 ya Uingereza inakupa 25 maana ni 20 jumlisha 0.2 mara kyubu, na ACI ya Marekani ukitumia 4700 mara kipeuo cha pili cha 20 (nguvu ya silinda) unapata 21. Kwa hivyo ndiyo, vitabu vyenyewe havielewani kwa karibu theluthi. Lakini sasa piga hesabu ya boriti iliyopasuka kwa E ya 21 badala ya 30. Ukakamavu unashuka kama asilimia 7 tu! Kwa sababu ikishapasuka kazi kubwa ni ya chuma, na E ya chuma ni 200 kila mahali, Mlolongo na Ulaya. Ukipunguza E mpaka ifike 7.2 itabidi uiteremshe mpaka mahali hata mbao inakucheka.

#12 Mpita_Njia
Sawa mhandisi, umeniweka. Lakini kwa ile sehemu ya kabla ya kupasuka E ina maana au mnaitupa pia?

#13 Shiru_Mhandisi
Kabla ya kupasuka ndiyo yote. Hapo sikupingi.

#14 FundiKayole
Wakubwa mimi ni fundi wa vyuma, sijasomea hizo kompyuta, ila nauliza kitu. Mnasema vyuma viko 215 kutoka juu kwa mchoro. Nani alipima kwa boriti yenyewe? Mimi nimefunga vyuma miaka na nawaambia mchoro na chuma havilali pamoja. Mnaweka spesa (vipande vya kuinua chuma) mbili tatu za simiti, mtu anaingiza poka (mashine ya kutikisa konkriti) ndani anagonga keji ya vyuma, spesa inaanguka au chuma kinapanda. Na hizo boriti ndogo za shule nafasi ni kidogo, poka ndiyo inagusa chuma kila saa. Vunjeni mpime.

#15 bimu_254
Fundi hiyo sijafanya. Vipande bado viko nje nyuma ya maabara vinanyeshewa, kesho naenda na tepu. Nodi_Elfu nimeweka rola upande mmoja imetoka 4.6. Karibu niruke

#16 Nodi_Elfu
Usiruke bado kuna mnato. Kwenye CDP kuna kigezo cha mnato, kiwandani kinakuja sifuri, watu wanakiongeza ili modeli ikubali kukonvaji (hesabu itulie ifike jibu). Umeweka ngapi?

#17 bimu_254
0.01, niliona kwa video

#18 Nodi_Elfu
Video haitahojiwa siku ya projekti, ni wewe. Hiyo ni kubwa, inachelewesha kuharibika kwa konkriti, nyufa zinakuja zikiwa zimechoka. Shusha kumi kwa kumi mpaka uone namba haibadiliki tena. Ikikataa kukonvaji, punguza hatua za lodi, au sukuma boriti kwa umbali badala ya kwa nguvu.

#19 Mja_wa_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma kwa utamu wote. Ndugu Bimu na ule mkia wa mvuto (nguvu ya kuvuta inavyoisha baada ya ufa) umeupaje? Maana konkriti ikipasuka haiachi kuvuta papo hapo, baina ya ufa na ufa bado imeshikana na chuma inamsaidia. Kuna waandikao mkia huo kwa kurefuka, kuna waandikao kwa upana wa ufa, na kuna watoao nishati ya mpasuko (ya kufungua ufa) tu. Ukiandika kwa kurefuka jibu lako litafuata ukubwa wa elementi, ukibadilisha meshi unabadilisha konkriti. Hayo Hillerborg na wenzake waliyaonyesha tangu 1976 kwa ufa wa kubuni, na Bažant na Oh 1983 wakaja na ukanda wa ufa.

#20 bimu_254
Ni kwa kurefuka bro. Nilichukua jedwali kwa tasnifu ya mtu

#21 KaraiNaSpedi
Jedwali la mtu, video ya mtu. Boriti angalau ni yako?

#22 bimu_254
Boriti ni ya kikundi 😅

#23 Mja_wa_Kisauni
Basi hilo jedwali lilipimwa kwa meshi ya huyo mtu. Meshi yako wewe ni kubwa kiasi gani?

#24 bimu_254
Kubwa kubwa, kama 65 mm, kwa sababu hii Abaqus ya wanafunzi inakufungia nodi elfu moja. Hata ringi nimeziacha nje ya modeli nodi ziliisha

#25 Nodi_Elfu
Sasa unaelewa jina langu limetoka wapi 😂 Kata boriti nusu! Lodi ni sawa pande zote, kwa hivyo modeli nusu urefu, pale katikati ya spani uzuie uso wote usihame kwa urefu, sapoti moja iwe rola basi. Ukitaka ukate nusu ya upana pia inabaki robo. Nodi zinakutosha na ringi zinarudi. Na ile shida ya kuteleza iliyokufanya ufunge kila kitu inaisha yenyewe.

#26 Mzee wa Kikokotoo
Au aache hiyo mizigo atumie OpenSees, ni ya bure, ilitoka Berkeley, boriti unaikata vipande vya nyuzi unapata jibu kabla chai haijapoa. Kwa kunepa tu hakuna haja ya elementi za matofali elfu.

#27 Shiru_Mhandisi
Mzee nyuzi zinadhani chuma na konkriti vimeshikana kabisa na uso unabaki bapa. Kwa kunepa sawa, kwa shia (nguvu ya kukata) hapana. Akiwa na boriti fupi hapo OpenSees ya kawaida itamdanganya bila kutabasamu.

#28 Mzee wa Kikokotoo
Nakubali kwa shia. Boriti yake si fupi, 2400 kwa 215 ni mara kumi na moja.

#29 Otis_Estate
Samahani nyinyi wasomi mimi nilikuja hapa nikitafuta kitu kingine. Ghorofa tunayoishi balkoni imenepa mpaka maji ya kuosha yanaenda upande wa nje badala ya kwa dreni, na kuna ufa mrefu pale inaposhikana na nyumba, upande wa JUU. Caretaker anasema ni plasta. Ni plasta?

#30 FundiKayole
Ufa wa juu pale balkoni inaposhikana na ukuta usiite plasta mpaka mtu atoboe aone. Balkoni inavutwa juu, vyuma vikubwa vinatakiwa kukaa juu. Nimeona kazi nyingi vyuma vimewekwa juu vizuri asubuhi, halafu siku ya kumwaga watu wanapita juu yake na wilibaro na karai, kufika jioni vimelala chini kabisa na konkriti imefunika hakuna anayejua. Tukishikilia na viti vya chuma haviinami, lakini viti ni pesa na mwenye nyumba anauliza hivyo vyuma vya kukaliwa ni vya nini.

#31 Shiru_Mhandisi
@Otis_Estate usikae juu yake na msirundike mitungi ya maji hapo. Mwambie mwenye nyumba alete mhandisi aliyesajiliwa na EBK (bodi ya wahandisi Kenya), si mtu wa kupaka rangi. Kama vyuma vilishuka, kunepa kunaendelea hata lodi ikiwa ileile kwa sababu konkriti inajikunja polepole miaka. ACI inakwambia boriti isiyo na chuma cha upande wa mgandamizo ikibeba mzigo wa kudumu miaka 5, ongeza mara mbili ya ile ilionepa siku ya kwanza. Kwa jumla ni mara tatu.

#32 Mpita_Njia
BS 8110 inasema kantiliva (iliyoshikwa upande mmoja tu, kama balkoni) spani isizidi mara 7 ya kina, pima Otis, ikizidi hapo tu imekosewa

#33 Mzee wa Kikokotoo
Si hivyo tu Mpita. Ni 7 kwa kantiliva, 20 kwa boriti ya kukaa tu juu ya sapoti mbili, 26 kwa inayoendelea juu ya sapoti nyingi, LAKINI unazidisha na kigezo cha mkazo wa chuma ambacho kinaweza kufika 2. Slabu yenye chuma chenye mkazo mdogo inaruhusiwa zaidi ya 7. Usimtie mtu hofu na nusu ya jedwali. Otis hata ikipita kipimo, ufa wa juu bado ni wa kuangaliwa.

#34 Otis_Estate
Asanteni. Nimeonyesha caretaker huu uzi amesema mtandao si fundi

#35 KaraiNaSpedi
Fundi yuko #30 bana mwonyeshe hiyo

#36 bimu_254
Nimerudi na nimepima!! Tulikata kipande cha boriti na grainda karibu na katikati. Chuma kimoja kiko 203 kutoka juu mpaka katikati ya chuma, kingine 198. Mchoro 215. Kova ya chini kwa huo wa pili ni nene mpaka unashangaa ringi ilishikaje, na spesa tulipata moja imelala kwa ubavu ndani ya konkriti kabisa. Fundi nakununulia soda.

#37 FundiKayole
Weka ya kopo.

#38 Shiru_Mhandisi
Nimeipiga upya kwa 200: I iliyopasuka inashuka kutoka milioni 47 hadi 40. Hiyo ni kunepa zaidi kwa asilimia 17, mara mbili na zaidi ya kile tungepata kwa kugombania E na Mpita_Njia siku nzima. Na mkazo wa chuma kwa 40 kN bado uko kama 405 MPa, kwa hivyo haujafika kukubali (chuma kurefuka bila kurudi) kama ni chuma cha 460. Hesabu ya mkono sasa inasema kama 8 mm kabla ya kutoa msaada wa konkriti kati ya nyufa. Yaani sasa ni maabara imenepa KIDOGO kuliko daftari.

#39 bimu_254
Ngoja basi. Modeli: nusu boriti, mnato nimeshusha 0.0001, mkia kwa nishati ya mpasuko, meshi ndogo kuliko ile ya kwanza. Kwa 215 ilitoa 5.4. Kwa vyuma kwa 200 inatoa 6.3. Daftari ya Shiru inakaribia 8. Maabara 7.2. Sasa nani ni nani hapa

#40 Mja_wa_Kisauni
Nishati ya mpasuko umeweka ngapi ndugu?

#41 bimu_254
0.13 N/mm

#42 Mja_wa_Kisauni
Hiyo ni ya fib 2010 (kanuni za konkriti za kimataifa). Ile ya zamani ya CEB 1990 kwa kokoto ya 16 mm na konkriti kama yako ingekupa 0.06 hivi, nusu yake. Ukiweka ndogo mkia unakatika mapema na boriti itanepa zaidi. Zote mbili zimo vitabuni, wewe chagua lakini uandike ulichochagua. Na pia konkriti ikikauka inajivuta, chuma kinaizuia, inabaki na mvuto ndani kabla hujaweka lodi hata moja. Modeli yako haina habari hiyo. Boriti ililowa magunia siku ngapi?

#43 bimu_254
Siku saba halafu zikawa tu pale ndani mpaka 28. Sasa nikiweka 0.06 nitajuaje kama sijaisukuma tu ili ifike 7.2?

#44 Nodi_Elfu
Hiyo ndiyo inaniudhi kwa tasnifu nyingi. Mtu anacheza na dilesheni na mnato na nishati mpaka mistari miwili inalala pamoja halafu anaandika modeli imethibitishwa. Chukua boriti ile nyingine ya kikundi, yenye vyuma tofauti, usiguse namba hata moja, uone kama inafika.

#45 Mpita_Njia
Mnasahau geji. Imefungwa wapi? Kama iko kwenye fremu ya mashine basi inasoma pia fremu kunepa na mabamba ya sapoti kukaa vizuri. Naona hiyo 7.2 imejazwa.

#46 bimu_254
Geji ilikuwa kwa stendi sakafuni. Lakini sapoti zilikuwa juu ya mihimili ya chuma na mabamba yalikuwa yamewekwa plasta. Geji moja tu, katikati

#47 Mpita_Njia
Basi kitu chochote kilichoshuka chini ya sapoti kimeongezwa kwa kunepa kwako. Ungekuwa na geji tatu, moja kila sapoti, ungetoa wastani wa hizo mbili.

#48 Shiru_Mhandisi
Hapa Mpita uko sawa na naungana. Ila haielezi kwa nini daftari langu liko juu ya maabara. Hiyo inaelezwa na konkriti kati ya nyufa, na pengine kipenyo cha chuma si 12 kamili, si kila Y12 inayouzwa ni 12. Mlipima uzito wa chuma? Mita moja ya Y12 inatakiwa kuwa gramu 888.

#49 FundiKayole
Y12 za siku hizi weka kwa mizani kwanza kabla ya kwa boriti, nawaambia

#50 Mzee wa Kikokotoo
Mimi nasema ni chuma kuteleza kidogo ndani ya konkriti. Modeli yake imefunga chuma na konkriti kama kitu kimoja. Ngo na Scordelis wa 1967 hawakufanya hivyo, waliweka viungo vya kushikana kati yao. Tumeenda mbele kwa kompyuta tukarudi nyuma kwa hilo.

#51 Nodi_Elfu
Mzee ribu za chuma za sasa hazitelezi sana kwa lodi ya huduma, na kuteleza kungenepesha modeli yake, ndiyo sawa, lakini si kwa 0.9 mm yote.

#52 Mzee wa Kikokotoo
Sikusema yote.

#53 Mpita_Njia
Kwa hivyo kwa hawa wa programu, mnawezaje kuamini jumba la ghorofa kumi kama bimu ya 2.4 m inatuchosha hivi? Si kuna ile jukwaa la mafuta la Norway lilizama 1995 kwa sababu ya elementi finiti

#54 Shiru_Mhandisi
Ni Sleipner A, na ni Agosti 1991, lilizama kwenye Gandsfjorden wakati wa kulijaribu kwa kulijaza maji. Halikuwa boriti, ukuta wa seli (vyumba vya konkriti vya chini) ulishindwa. Shia ilihesabiwa chini kwa asilimia 47 kwa sababu meshi pale kwenye pembe ilikuwa kubwa na elementi zimepinda, na vyuma vya pale pia havikutosha. Hesabu ya mkono baadaye ilionyesha lingeshindwa kina kipi, na kilikaribiana sana na kile kilichotokea. Kwa hivyo tena ni daftari.

#55 KaraiNaSpedi
Shiru na daftari lake walioana lini

#56 bimu_254
Nimepima uzito wa masalio ya chuma: vipande viwili vya 500 mm, kimoja gramu 431 kingine 436. Kwa hivyo ni chini ya 444 lakini si vibaya sana. Sasa hiyo inasukuma upande gani?

#57 Nodi_Elfu
Inanepesha zaidi, asilimia mbili tatu. Weka eneo la kweli kwa modeli, usiweke 113 ya kitabu.

#58 Mja_wa_Kisauni
Na grafu nzima iko wapi? Unatupa namba moja ya 40 kN tu. Tuonyeshe inavyopanda kutoka sifuri. Kama modeli na maabara zinaachana kabla ya 10 kN basi ni E au mvuto au geji, kama zinaachana baada ya hapo ni mkia au kina cha vyuma.

#59 bimu_254
Naiweka usiku. Kwa kukumbuka, maabara inaanza laini kuliko modeli hata kwa 5 kN, halafu zinaenda sambamba. Na baada ya 48 hivi modeli yangu inashuka badala ya kulala, ile ya maabara ililala kabisa mpaka tukachoka kupampu jeki

#60 Mpita_Njia
Inaanza laini hata kwa 5 kN? Kabla ya ufa? Nimesema geji na sapoti mimi!!

#61 Shiru_Mhandisi
Au E, ile uliyonipinga nayo, hapo kabla ya ufa niliikubali kwa #13 😄 Na kushuka baada ya 48, angalia konkriti ya juu pale chini ya lodi, bamba la lodi umelifanya nini kwa modeli? Kama umeweka lodi kwa nodi moja inaponda hapo hapo.

#62 bimu_254
Ni mstari wa nodi, sikuweka bamba

#63 Nodi_Elfu
Weka bamba la chuma 50 mm upana halafu urudi na grafu. Na upeleke geji mbili zaidi kabla ya boriti ya pili kuvunjwa.

#64 bimu_254
Geji maabara ziko mbili tu na moja sindano yake inakwama. Kuna mtu wa hapa Nairobi anaweza kuniazima mpaka wiki ijayo? Boriti ya pili ni ya Alhamisi

#65 Mzee wa Kikokotoo
Ninazo mbili za 0.01 mm na stendi zake. Nitumie ujumbe wa faragha. Soda ya Fundi usisahau.